Fanya Juu: Makueni na Bei ya Kulea Mwanasoka

Mwaka 2007 Qatar ilituma wasaka vipaji katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwemo. Mradi wao, Aspire Football Dreams, uliongozwa na Josep Colomer, Mhispania aliyewahi kusimamia chipukizi wa Barcelona. Katika mwaka huo wa kwanza pekee walitazama wavulana zaidi ya 400,000 wa umri wa miaka 13, na mchujo ulipokwisha walibaki dazeni mbili hivi. Ukigawanya, ni mtoto mmoja kwa kila 16,000 na ushei. Tangu hapo akademia za soka zimeenea Afrika Mashariki, nyingine za klabu kubwa kama ile ya Azam kule Chamazi, Dar es Salaam, nyingine za watu binafsi Nairobi na Mombasa, na kila mwaka wa bajeti husikika sauti zikizitaka kaunti nazo zijenge za kwao. Nitalichukua swali la gharama nikiwa upande wa Kathonzweni, katika kaunti ya Makueni, kwa sababu huko ndiko lina uzito: mahali ambapo kituo cha wateule kikijengwa kitameza fungu lote la michezo, na kisipojengwa mtoto hodari atalazimika kukifuata mbali. Hoja yangu ni kwamba akademia ina thamani ya fedha zake pale tu ambapo watoto wa kawaida wameshapata uwanja, mwalimu na ligi ya mwaka mzima. Pasipo na hayo, shilingi inayokwenda kwa mteule imeng'olewa mahali ambapo ingezaa zaidi. Ushahidi wa kwanza hauko mbali. Makueni iliwahi kuulizwa swali hilihili, ila wakati huo lilihusu udongo.

Kathonzweni iko mashariki mwa Wote, makao makuu ya kaunti, upande ule wa Ukambani ambako mvua ni ya kubahatisha na watu hutegemea ndengu, mbaazi, maembe na mbuzi. Familia nyingi za huko ni uzao wa wahamiaji. Hadi Vita vya Pili vya Dunia nyanda hizi zilikuwa vichaka vyenye mbung'o, huku watu wakibanana kwenye milima ya Mbooni, Kilungu na Iveti na kulima miteremko iliyokuwa ikiporomoka kila masika. Mwaka 1937 afisa wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti ya kukatisha tamaa kuhusu ardhi ya Wakamba. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kupunguza mifugo kwa nguvu, na Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kupinga, jambo lililomfanya ahamishiwe Lamu. Baada ya vita ukaja mpango wa makazi ya Makueni. Vichaka vilifyekwa, mbung'o akafukuzwa, mabwawa yakachimbwa, na familia zilizochaguliwa zikapewa mashamba yaliyopimwa, kwa masharti juu ya idadi ya mifugo na namna ya kulima. Ulikuwa mradi wa wateule kwa kila maana ya neno hilo: fedha nyingi, watu wachache, msimamizi karibu.

Lakini sura ya Ukambani haikubadilishwa na mashamba hayo ya mfano. Ilibadilishwa na fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa kilimo duniani wamelichukua lilivyo. Kazi yenyewe ni hii: unachimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, na udongo unaouchimba unaurusha upande wa juu, si wa chini. Ukingo unapandwa majani. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka yanagonga ukingo na kutua matope yake nyuma yake; msimu baada ya msimu nafasi kati ya ukingo na ukingo inajaa, mpaka mteremko unageuka ngazi. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuutengeneza mlima, kwa hiyo kazi ilifanywa na mwethya, ule utaratibu wa majirani, wengi wao wanawake, kulima leo kwa huyu na kesho kwa yule. Wakoloni waliugeuza mwethya kuwa kazi ya lazima chini ya machifu, na matuta mengi ya amri yakaachwa. Watu walipoyarudia kwa hiari yao, ndipo yalipodumu. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 utafiti wao kuhusu Machakos ya zamani, wilaya iliyoibeba Makueni hadi 1992. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na mmomonyoko ulikuwa umepungua badala ya kuongezeka.

Udongo si mtoto, na sitaki ulinganisho huu uvutwe hadi ukatike. Tena haki idai nafasi yake: mbung'o hakufukuzwa na jembe la jirani. Kufyeka pori zima kulihitaji serikali, na bila kazi hiyo Kathonzweni isingekuwa mji. Ninachokichukua kutoka historia hii ni mgawanyo wa kazi. Yako mambo ambayo kijiji hakiyawezi, na hayo ndiyo ya kulipiwa na hazina. Yaliyobaki hufanikiwa yakiwa mikononi mwa wengi, na kidogo kinachotolewa kwa kila mmoja huzaa kuliko kingi kinachorundikwa mahali pamoja. Kandanda ya Kenya, ukiisoma kwa miaka 40 iliyopita, imepitia njia hiyohiyo.

Miaka ya 1980 Mjerumani Bernhard Zgoll alisimamia vituo vya vijana vilivyoitwa vya Olimpiki katika miji ya Kenya. Havikuwa kasri. Vilikuwa uwanja, kocha, mipira ya kutosha na ratiba ya wikendi, kwa watoto waliorudi kulala kwao. Wachezaji waliopitia humo walikuwa sehemu ya kizazi kilichofika fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1987, ambapo Misri ilishinda 1-0, kisha timu ya taifa, Harambee Stars, ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika mara tatu mfululizo, 1988, 1990 na 1992. Vituo vilipoachwa vife, ukame ukaanza. Kenya haikurudi kwenye mashindano hayo hadi 2004. Na iliporudi, ilikuwa na wachezaji kadhaa waliotoka Mathare, ambako mwaka 1987 Mkanada Bob Munro alianzisha chama cha michezo cha vijana, MYSA, kati ya majalala na mitaro ya maji machafu. Ligi ya MYSA ilikuwa na kanuni ambayo nadhani ni ya busara kuliko zote zilizopata kutungwa katika soka ya nchi hii: timu iliyokwenda kusafisha mtaa ilipata pointi 6, mara mbili ya pointi za ushindi uwanjani. Karo za shule zililipwa kwa vijana waliokusanya pointi za kujitolea, kwa kufundisha wadogo na kuchezesha mechi, si kwa wafungaji peke yao. Mathare United, timu iliyoota juu ya ligi hiyo mwaka 1994, ilichukua Kombe la Moi mara mbili, 1998 na 2000, na ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Timu ya juu ilikuja baadaye, ikiwa tunda la maelfu waliocheza chini yake.

Tazama sasa mradi wa Qatar kwa jicho hilo. Tatizo lake kubwa ni kwamba ulidai kumjua mwanasoka akiwa na miaka 13, na katika umri huo hajulikani. Jambo hili limethibitishwa mara nyingi katika akademia za Ulaya: watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa mchujo ni wengi kupita kiasi, kwa sababu tu wametangulia kukua, na kocha anaona kimo akidhani anaona kipaji. Katika eneo kame ambako mwaka wa njaa humchelewesha mtoto kukomaa, kosa hilo linazidi. Na pale ambapo vyeti vya kuzaliwa huchukuliwa kwa kuchelewa, mlango wa kudanganya umri umeachwa wazi. Mfano ni mshambuliaji Mkenya Michael Olunga, aliyezaliwa Machi 1994. Maana yake alitimiza miaka 13 mwaka uleule ambao Qatar ilikuwa ikiwapepeta wavulana wa rika lake nchini Kenya. Hakuwa miongoni mwa wachache waliopelekwa Doha. Alisoma Upper Hill, akacheza soka ya shule, akapita Tusker, Thika United na Gor Mahia, na alikuwa anakaribia miaka 22 alipoondoka kwenda Sweden mwaka 2016. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol na kutajwa mchezaji bora wa ligi, kisha akaenda kucheza Qatar kwenyewe, kwa mshahara. Shule ya kawaida na ligi ya nyumbani zilimpa miaka 9 ambayo mchujo usingeweza kumpa.

Anayeunga mkono akademia atanijibu kwa jina moja: Sadio Mané. Ni jibu zito, na nisingependa kulikwepa. Senegali ina Génération Foot, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mady Touré na kushirikiana na klabu ya Metz ya Ufaransa, ambako Mané alipitia. Ina pia Diambars, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Patrick Vieira na wenzake, iliyomtoa Idrissa Gueye. Wote wawili walikuwa kikosini Senegali ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika Februari 2022. Nani atasema fedha hizo zilipotea? Si mimi. Lakini Senegali ina kitu kingine kinachosahauliwa mtu anapovutiwa na mabweni na nyasi za kijani: navétanes, mashindano ya mitaa ya msimu wa mvua, ambayo kila likizo huzikutanisha timu za vitongoji nchi nzima, kwa jezi, mashabiki na uhasama wa kweli. Akademia za Senegali huteka maji kutoka mto uliokuwa ukitiririka miongo mingi kabla yao. Anayenakili akademia akauacha mto amenunua ndoo.

Jibu la pili linahusu pesa. Kijana mmoja akiuzwa Ulaya, wanasema, analipia gharama ya mia waliobaki. Hili linapimika. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya bei ya mchezaji anapohama akiwa na mkataba, ziende kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu kuanzia miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16 hadi 23. Chukua mfano wa Mkenya Victor Wanyama, aliyeondoka Nairobi kwenda Helsingborg ya Sweden akiwa na miaka 16. Southampton ilipomnunua kutoka Celtic mwaka 2013 kwa kiasi kilichotajwa kuwa pauni milioni 12.5, misimu minne ya utoto wake Kenya ilikuwa na thamani ya asilimia 1, yaani pauni 125,000. Ni pesa nyingi kwa klabu ya mtaani. Lakini ni mara moja katika kizazi, na hailipi hata kidogo mabweni, wapishi, daktari na walimu wa miaka yote ambayo hakuna Wanyama. Tena iko siri ndani ya kanuni hiyo ambayo Kathonzweni inapaswa kuijua kuliko mtu yeyote. Anayelipwa ni klabu iliyomo katika shirikisho, iliyomsajili mchezaji kwa jina na msimu. Kuna karatasi inayoitwa pasipoti ya mchezaji: safu ya misimu upande mmoja, safu ya klabu upande wa pili, tangu alipofika miaka 12. Shule ya kutwa iliyomfundisha kijana kupiga pasi haimo. Timu ya soko iliyomvalisha njumu za kwanza haimo. Timu ya kanisa haimo. Kwa hiyo mtoto wa Kathonzweni akichukuliwa na akademia ya Nairobi akiwa na miaka 14 na kufika mbali, waliomlea kwanza wana safu tupu, na walionunua godoro lake ndio wana haki.

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu ni la tatu, nalo linasema: hizo shule unazozisifu zimeshindwa. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Michezo ya shule za upili imejengwa kama chekecheo. Huanza katika zoni, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, hadi Afrika Mashariki, na timu inayofungwa zoni imemaliza mwaka wake kwa mechi mbili tatu. Shule chache zenye jina huwavuta wachezaji wa shule maskini kwa ahadi ya karo, nao wenye umri uliopita huonekana wakivaa sare. Mashindano ya wanasiasa yanaziba pengo kwa wiki chache, yakiwa na kombe, seti ya jezi na hotuba, kisha uwanja unarudia mbuzi. Wakati mwingine wote mtoto hucheza kwa kile alicho nacho. Kwa miaka mingi kilikuwa mpira wa majuala: mifuko ya plastiki imekunjwa na kushindiliwa, ikafungwa kwa kamba ya katani iliyosokotwa nyumbani, ikidunda kidogo na kuchubua vidole. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, vitambaa vimechukua nafasi yake, na vitambaa havidundi kabisa. Mtoto anayejifunza kwa mpira usiodunda hajifunzi kuutuliza mpira uliotoka juu. Atalijua jambo hilo akiwa na miaka 15 mbele ya kocha mgeni, na kocha ataandika kwamba hana mguso wa kwanza. Kushindwa huku ni kwa kukosa vitu vidogo, wala si kwa kukosa bweni la wateule, na mtu akiniambia shule zimedhoofika namwuliza mipira mingapi ilinunuliwa.

Watu wa Ukambani wana sababu ya kuamini kwamba mtu wa kwao anaweza kufika juu ya dunia. Cosmas Ndeti alishinda mbio za Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Benson Masya alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992. Patrick Makau alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Mbio zina faida moja ambayo soka haina: barabara ya vumbi inatosha, na saa haidanganyi. Soka inadai watu 22, mwamuzi, nyavu, na mpinzani mzuri wiki baada ya wiki. Ndiyo maana kipaji cha soka hakiwezi kujilea peke yake, na ndiyo maana pia hakiwezi kulelewa kwa kumtenga mtoto mmoja na wenzake. Wapinzani wake ni sehemu ya elimu yake. Ukiinua ligi ya vijana kutoka Kitise hadi Mavindini, jirani na Kathonzweni, umemfundisha hata yule nyota ambaye hajajulikana bado.

Mwaka 2024 wasichana wa Kenya walio chini ya miaka 17, wakinolewa na Mildred Cheche, walikuwa timu ya kwanza ya soka ya nchi hii kucheza Kombe la Dunia la FIFA la rika lolote. Kule Jamhuri ya Dominika walifungwa na Korea Kaskazini na Uingereza, kisha wakaifunga Meksiko 2-1. Walikuwa wanafunzi. Soka ya wasichana Kenya kwa muda mrefu haikuwa na akademia za kuitegemea. Ilikuwa na walimu, na shule kama Butere, Wiyeta na Nyakach zikikabana mwaka hadi mwaka. Kambi ya timu ya taifa ilikuja juu ya kazi hiyo, na hapo ndipo fedha za wateule zilipozaa. Wavulana, walioimbiwa akademia kwa miaka mingi, hawajafika huko hata mara moja. Sijui hoja gani itakayolipita hilo.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na Sheria ya Michezo ya 2013 ikaunda Akademia ya Michezo ya Kenya kwa ajili ya ngazi ya taifa. Mgawanyo huo ni mzuri, ukifuatwa. Taifa lichukue kazi ya kumfukuza mbung'o: kozi za makocha, vyeti vya umri, mfumo wa usajili, kambi za walioiva. Kaunti isijenge bweni. Isawazishe viwanja vya shule, ambavyo vingi viko kwenye mteremko kiasi kwamba timu moja hucheza kipindi kizima ikipanda. Inunue mipira inayodunda, ilipe posho ya waamuzi na nauli ya lori la timu, impeleke mwalimu mmoja wa kila shule kwenye kozi, msichana na mvulana wapewe saa sawa za uwanja. Darasa jipya la Gredi ya 10, lililoanza Januari 2026, lina njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule moja ya kutwa katika kila wadi ikiwezeshwa kuifundisha, mtoto hatalazimika kuhama ili kusomea kile anachokiweza. Na kila timu ya soko iandikishwe kama klabu, iwe na daftari lake: jina, tarehe ya kuzaliwa, msimu, sahihi ya mzazi, nakala moja kwa shirikisho. Kazi hiyo inamtaka karani mmoja na meza, kuanzia mwaka mtoto anapotimiza miaka 12. Mstari huo usipoandikwa msimu huu, klabu ya ng'ambo ikija kutaka kulipa miaka 10 baadaye haitaona mahali palipoandikwa Kathonzweni.